Mkebe wa Pili wa Dokta Mugisho

Furaha aliuweka mkebe mezani, kati ya sahani yangu ya sambaza, vile visamaki vya ziwa, na glasi ya maji, akaniambia: "Tonton Safari, tumeupata mu armoire ya Papa, nyuma ya vitabu. Maman Nzigire anasema weye njo unajua." Ilikuwa siku ya tatu ya kilio cha baba yake, Dokta Mugisho. Wageni walikuwa wamepungua, vijana walikuwa wanabeba viti vya kukodi kuvirudisha kwa wenyewe, na jikoni wanawake walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini juu ya sufuria ya nani ni ipi. Mkebe ulikuwa wa maziwa ya unga, wa zamani zile, kutu imekula rangi yake yote isipokuwa kipande cha manjano karibu na mfuniko. Sikuufungua. Niliutikisa kidogo tu, na ile sauti, kama mahindi makavu lakini nzito zaidi, ikanipanda mikononi mpaka mabegani. Nikamwambia Furaha aniache kwanza nile. Sikula. Nilikaa nikiangalia zile sambaza mpaka mafuta yakaganda.

Wanaonijua leo wananijua kama Patron Safari. Nina depo tatu za simenti na mabati, nina nyumba ya ghorofa Nyawera, na watoto wangu wamesoma mpaka pale shule inapoishia. Miye mwenyewe niliacha shule mwaka wa nne wa msingi, na sijawahi kuona haya, kwa sababu hakuna mwenye diploma katika mji huu aliyekaa nami mezani kwa ajili ya bei akanishinda. Hadithi ya mwaka niliomfanyia kazi Dokta nimeisimulia kwenye harusi, nimeisimulia mbele ya wafanyakazi wangu, na kila mara niliisimulia mpaka pale nilipopata bei, nikaishia hapo, watu wakapiga makofi. Mara hii nitaiandika yote. Nimechoka kuikata katikati.

Ilikuwa zama za Zaire, nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiuza makoti ya mitumba kwenye soko la Kadutu. Jino liliniuma siku nne. Siku ya tano nilishuka kwa miguu mpaka kabine ya meno ya Dokta Mugisho, vyumba viwili chini ya nyumba ya watu, kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Naviona vyumba vile vizuri kuliko ninavyoona chumba ninachoandikia. Chumba cha kwanza kilikuwa na benchi, kalenda ya mwaka uliopita na picha ya Rais. Cha pili kilikuwa na kiti cha kijani kilichopasuka mkononi, na mashine ya kutoboa meno ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani, maana umeme ulikuwa unakuja unapotaka. Harufu ilikuwa ya karafuu. Dawa waliyopaka ndani ya jino ilitengenezwa kwa mafuta yake, na mpaka leo mke wangu akitia karafuu kwenye pilau, ulimi wangu unaenda wenyewe kutafuta lile jino. Dokta alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kuongea kama anaomba msamaha. Alinitajia bei. Shavu langu lilikuwa limevimba kama nimeficha yai, lakini soko ni soko.

"Docteur, ni mingi. Jino ni moja."

"Ni moja, ndugu yangu, lakini iko na mizizi miwili."

"Njo nilipe muzizi umoja. Ule mwingine uniachie humo humo."

Maman Nzigire, muuguzi wake, aliyekuwa ameshika beseni, alicheka mpaka akaliweka chini. Dokta hakucheka. Aliangalia mdomoni mwangu kwa kioo kidogo, akaniuliza kwa nini nimekuja kung'oa. Nikasema kwa sababu linauma. Akasema: "Mashati yako ikitoboka mukono, unakata mukono? Ni tundu tu. Nitaziba." Alikanyaga ile mashine karibu saa nzima, jasho likimdondoka kwenye miwani, akaziba. Nilipotaka kuanza tena habari ya bei aliniambia: "Utanilipa kwa kazi. Mutu mwenye anaweza kubishana na shavu limevimba vile, huyo nitamutuma kwa Citoyen Ilunga."

Hapo lazima nieleze jambo ambalo watoto wa leo hawalijui. Kabine ile haikuishi kwa watu kama miye. Iliishi kwa kampuni moja ya chai, yenye mashamba huko milimani upande wa Walungu na ofisi mjini. Kampuni ndiyo ililipia meno ya wafanyakazi wake: mfanyakazi alikuja na bon, karatasi ya buluu yenye jina lake na muhuri, dokta akamtibu, na mwisho wa mwezi bon zote zikapelekwa ofisini kwa Ilunga, Citoyen kama sote tulivyoitwa zama zile badala ya Bwana, mkuu wa wafanyakazi, ambaye alilipa kufuatana na mkataba. Mkataba ulikuwa na bei mbili, ya kung'oa na ya kuziba. Zote mbili ziliwekwa miaka mitatu nyuma, na wakati ule feza ya Zaire ilikuwa inayeyuka mfukoni kama sabuni kwenye maji. Bei ya miaka mitatu nyuma ilikuwa kama kutibu bure. Dokta alikuwa amekwenda mara mbili kuomba zipandishwe, na mara zote mbili alirudi amefedheheka. Ilunga alimwambia kwamba madokta wa meno ni waongo, kwamba wanaandika wameziba meno matano na hakuna aliyeona, na kwamba anafikiria kuuvunja mkataba kabisa. Dokta alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu, na alinieleza wazi siku ile nilipoanza kazi, tukiwa tunakula bugali na mboga ya lengalenga juu ya meza ile ile ya vyombo, Maman Nzigire ameipangusa kwa spiriti: "Bei ya kung'oa, ikipanda ni vizuri, isipopanda ni sawa tu. Unipatie bei ya kuziba. Hiyo njo kazi yangu."

Nilisikia. Nasema nilisikia, kwa sababu miaka mingi nilijidanganya kwamba hakuniambia vizuri.

Citoyen Ilunga alikuwa na desturi ya kupokea watu wenye kuomba feza saa ya kula. Alikuwa mnene, suti yake ya kijivu ya abacost imekaza tumboni, na mke wake alimtumia chakula ofisini kwenye sufuria tatu zilizofungwa kwa kitambaa. Ulikaa mbele yake ukiwa na njaa, yeye akafungua sufuria moja moja, mvuke wa makayabu, samaki wa chumvi, ukakupiga puani, na ukaanza kuomba huku anatoa miiba. Wengi walishindwa hapo hapo. Miye nilitoka sokoni; nilikuwa nimekula viazi vitamu viwili barabarani makusudi. Nilimwacha ale. Alipofika sufuria ya pili aliniuliza kama Dokta sasa anatuma wauza makoti.

"Chef, Docteur ni mutu wa vitabu. Ya vitabu anafanya yeye. Ya bei ananiachia miye."

"Na weye utaniambia nini chenye yeye hakuniambia? Minaona bon, minaona saini. Jino siioni."

Ndipo wazo likanijia. Sikuliwaza hata dakika moja, lilikuja lenyewe, na kwa hilo nilijiona mwenye akili kuliko mji mzima. Nikamwambia: "Chef, jino utaiona. Kila mwisho wa mwezi nitakuletea yote hapa mezani, unahesabu weye mwenyewe. Kama jino haiko, usilipe." Aliacha kutafuna. Akaniangalia, akaangalia meza yake, kama vile tayari anaona meno yamepangwa pale, na akaanza kucheka polepole. Akasema miaka yote hiyo hakuna msomi hata mmoja aliyempa wazo lenye kueleweka. Kwa bei ya kung'oa nilimbana mpaka ikafika mara tatu ya ile ya zamani, na zaidi ya hapo, ipandishwe kila baada ya miezi mitatu. Hilo la miezi mitatu ni langu, hakuna kabine nyingine ya mji iliyokuwa nalo. Kisha akauliza: "Na kuziba? Jino yenye imezibwa inabakia mu kinywa ya mutu. Hiyo utaniletea namna gani?" Sokoni, ukishauza koti kubwa, shati lisilo na vifungo unaliacha liende. Nikasema: "Hiyo tuiache, Chef." Akaipiga mstari, kuziba kukafutwa kwenye mkataba. Nikaweka jina langu kama shahidi, herufi kubwa kubwa, S ikiwa imegeuka, na Dokta aliweka saini yake kesho yake kwa sababu mkataba wa zamani ulikuwa umekwisha na benchi letu lilikuwa tupu.

Nilirudi nikiimba. Nilimtajia Dokta bei, Maman Nzigire akapiga kigelegele. Dokta aliuliza: "Na kuziba?" Nilimweleza. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la blouse yake, lile koti jeupe la udaktari, akaivaa, akaivua tena. "Safari," akasema, "kung'oa, hata fundi wa baiskeli anaweza. Miye nilienda kusoma mbali miaka yote ile kwa ajili ya ile ingine." Nikamwambia kwa hii bei ataweza kuziba bure anavyotaka, feza itatosha. Na hilo ndilo alilojaribu kufanya.

Camion, lori la kampuni, ilishusha watu kila Ijumaa. Walikaa kwenye benchi, waliokosa nafasi wakachuchumaa kwenye ngazi, na maongezi yao niliyasikia kupitia pazia miezi yote ile, yakachanganyika na ule mlio wa mashine ya mguu, halafu, kadiri miezi ilivyokwenda, bila mlio wowote. "Ulikuya na ngapi?" mmoja aliuliza. "Na thelathini." "Na unarudia na ngapi?" "Na ishirini na nane. Kampuni inapenda meno yetu kuliko chai." Walicheka, wameshika mashavu. Yule ambaye Dokta alimwona ana jino la kung'olewa kweli, alimng'oa. Yule ambaye aliona jino lake linaweza kupona, alimziba bure, akachana bon yake. Ila dawa ya kuziba ilitoka Ulaya kupitia Bujumbura, na kila ilipofika bei yake ilikuwa imepanda zaidi ya bei yangu ya miezi mitatu. Mwezi wa tano alikuwa anaipima kwa ncha ya kisu. Mwezi wa saba ikaisha.

Kazi yangu ilikuwa meno. Niliyaloweka kwenye maji ya javel, dawa ya kung'arishia nguo, nikayaanika juu ya gazeti dirishani, ziwa likiwa nyuma yake, nikayatia kwenye mkebe wa maziwa na kuupeleka kwa Citoyen Ilunga. Aliyamwaga juu ya kitambaa cha mezani na kuyasukuma kwa rula kumi kumi. Mara moja alinyanyua moja akaligeuza geuza. "Hii ni ya mutu kweli? Si ya mbuzi?" Nikamjibu: "Chef, mbuzi haikulaka sukari." Alicheka, akalipa. Kisha alikusanya meno kwa kiganja, akafungua sufuria yake ya kwanza.

Faida alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa nane. Alikuwa mchuma chai, msichana wa miaka ishirini hivi, na tundu lake lilikuwa kwenye jino la mbele, dogo kama kichwa cha kiberiti. Alimshika Dokta mkono wa blouse. "Docteur, hii ya mbele uniachilie. Miye ninaimbaka ku kanisa, niko mu mustari wa kwanza." Dokta alitafuta dawa kwenye kabati ambalo sote tulijua ni tupu. Alifungua hata visanduku vya sindano. Alimwambia arudi baada ya mwezi. Faida akasema chef wa shamba hampi ruhusa mara mbili, na kwamba halali, analia usiku kucha, akirudi nalo leo kesho hataweza kuchuma. Kisha mwenyewe akasema: "Basi toa." Nilikuwa mlangoni na bon zangu mkononi. Nilimwona Dokta akimdunga ganzi, nilimwona akikaa kungoja ganzi ishike, muda mrefu kuliko kawaida, na nikasikia lile kelele dogo. Faida alisema aksanti akiwa ameziba mdomo kwa kitenge. Dokta hakulitupa jino kwenye beseni. Alilitia mfukoni mwa blouse.

Mwisho wa mwezi ule hesabu haikuungana. Bon kumi na tisa, meno kumi na manne. Ilunga alinisukumia rula yake. "Safari, weye njo uliniletea hii sheria." Alilipa kumi na manne. Nilipanda kwa Dokta nikiwa na hasira za mtu aliyeibiwa, na kumbe mwizi nilimkuta amekaa kwenye kiti chake cha kijani mwenyewe, miguu juu, saa nane mchana, hana mgonjwa. Kabati lilikuwa wazi. Nyuma ya pamba kulikuwa na mkebe mwingine, wa aina ile ile, na ndani yake meno.

"Docteur, hizi ni za kampuni!"

"Hapana. Za kampuni ni zile zenye zilikuwa zimeoza. Hizi zilikuwa za kupona."

"Sasa tunapoteza feza juu ya nini? Zimeshatoka!"

"Zimeshatoka, ndiyo," akasema. "Lakini hizi sitaziuza."

Hakupandisha sauti. Maman Nzigire alikuwa anachemsha vyombo, na miye nikaona haya ya kusimama, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Tangu lini, nikamuuliza. Akasema tangu Ijumaa ya kwanza ambayo dawa ilikosekana. Mwezi wa saba yalikuwa mawili tu, na miye nilidhani nimekosea kuhesabu bon.

Juma lililofuata niliomba nafasi kwa Citoyen Ilunga. Sikuenda na mkebe. Nilikwenda na wafanyakazi watatu wa kiwandani ambao Dokta alikuwa amewaziba meno mwanzoni mwa mwaka. Nilikuwa nimewalipia nauli ya kushuka kwa feza ya makoti yangu. Niliwapanga dirishani penye mwanga. "Chef, ulitaka kuona. Angalia." Wakafungua vinywa, wanaume watu wazima, kofia mikononi. Nilimweleza yote, kwamba jino lililozibwa linabaki, mtu anakula, anafanya kazi, haji tena na bon nyingine, kampuni inapata faida; nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kuongea vizuri vile tena, hata siku niliponunua depo ya kwanza. Ilunga aliinuka na kijiko mkononi. Alimwangalia wa kwanza kidogo, wa pili alimpitisha macho, wa tatu hakumfikia, maana chakula kilikuwa kinapoa. Akarudi kukaa.

"Safari, weye ni mutu wa akili, na miye nilikusikiliza. Kyenye hakifike ku meza hakilipwe. Nilipeleka ile maneno yako mpaka ku direction, kwa bakubwa, na bakanipongeza. Sasa unataka niende kubaambia nini?"

Mmoja wa wale watatu aliuliza kama sasa wanaweza kufunga vinywa.

Mkataba uliendelea mpaka mwisho wa mwaka, na Dokta hakuufanya upya. Aliuza kiti cha kijani, akaenda kufanya kazi hospitali moja ya misheni kwa mshahara mdogo, ambako walau dawa ya kuziba ilifika mara kwa mara. Kampuni ilipata mtu mwingine wa kung'oa. Siku hizo hawakukosekana. Miye nilirudi sokoni na jina: Safari aliyepata bei mara tatu. Kwa jina hilo Mhindi mmoja alinikopesha mifuko ya kwanza ya simenti, na yaliyofuata mnayaona mkipita Nyawera. Dokta tulikuwa tunasalimiana kanisani. Kila mara aliniuliza jino langu linaendeleaje, na kila mara nilimjibu linaendelea.

Furaha alirudi na kahawa, akakuta sahani imejaa. Yeye ni mwalimu wa chuo kikuu, amezoea watu wanaochelewa kujibu. Nikafungua mkebe. Yalikuwa mengi kuliko nilivyokumbuka. Dokta alikuwa ameendelea mpaka Ijumaa ya mwisho. Juu kabisa kulikuwa na jino moja dogo la mbele, na hata kama si la Faida, kwangu ni la Faida. Nilimweleza Furaha kama nilivyowaeleza ninyi, na sikuishia kwenye bei. Alisikiliza mpaka mwisho akizungusha mfuniko wenye kutu kidoleni.

"Kwa hiyo, Tonton," akasema, "watu watakumbuka Papa kama mung'oaji tu. Na kyenye yeye alitengeneza, hakuna mahali mutu anaweza kuiona."

Nilikuwa nimechoka, mwili mzima, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nikavuta kiti changu karibu na mlango, kwenye mwanga, nikaegemeza kichwa nyuma kama kwenye kile kiti cha kijani. Nikamwambia: chini, upande wa kushoto, la pili kutoka mwisho. Kisha nikafungua kinywa. Furaha aliweka mkebe chini, akawasha taa ya simu yake na kuinama. Sikuweza kuona uso wake, nilisikia tu pumzi yake na viti vikibebwa uani. Aliangalia muda mrefu sana, muda mrefu kuliko Citoyen Ilunga.